Faili la Pasadena: kisa cha Bayard Rustin

Tarehe 13 Agosti 1963, zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya Maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi, Seneta Strom Thurmond wa South Carolina alisimama katika Seneti ya Marekani akamshambulia mtu mmoja kwa jina. Hakuwa Martin Luther King. Alikuwa Bayard Rustin, mratibu wa maandamano yale. Thurmond alikuja na mashtaka matatu: kwamba Rustin aliwahi kuwa mkomunisti, kwamba alikataa kwenda vitani, na kwamba mwaka 1953 alikamatwa Pasadena, California, kwa kulala na wanaume. Rekodi ya kukamatwa huko iliingizwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

Habari hiyo haikuwa ngeni kwa viongozi wa harakati za haki za kiraia. Kwa miaka kumi ilikuwa ikimfuata Rustin popote alipokwenda, na mara kadhaa ilimng'oa kwenye kazi. Ukiangalia ni nani hasa waliomng'oa, utaona si polisi wala wabaguzi wa Kusini. Ni watu wa upande wake, waliomfahamu, waliokula naye na kuimba naye. Kwa hiyo sitasimulia maisha yake yote hapa. Ninataka kuchambua jambo moja: kwa nini silaha iliyofanya kazi mwaka 1953, 1956 na 1960 iligonga mwamba mwaka 1963.

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Rustin alizaliwa 17 Machi 1912 West Chester, mji mdogo wa Pennsylvania, akalelewa na babu na bibi yake mzaa mama, Janifer na Julia Rustin. Mama yake, Florence, alimzaa akiwa binti mdogo, na Bayard alikua akiamini kwamba ni dada yake. Bibi Julia alikuwa na malezi ya Quaker, dhehebu ambalo magharibi mwa Kenya linajulikana kama Kanisa la Friends. Kutoka kwake Rustin alipata imani mbili ambazo hakuziacha: kwamba watu wote ni familia moja, na kwamba hakuna haki inayopatikana kwa kumwaga damu. Alipomdokezea bibi huyo kwamba moyo wake unavutwa na wavulana, bibi hakumkaripia wala hakumwombea abadilike. Nadhani hili lilimjenga kuliko watu wengi wanavyofikiri. Rustin hakuwahi kujificha sana, na katika Marekani ya miaka ile hilo lilikuwa jambo la nadra mno.

Alipofika Harlem mwaka 1937 alijiunga na vijana wa chama cha kikomunisti kwa sababu waliupinga ubaguzi wa rangi, akawaacha 1941 walipopewa amri ya kuuweka suala hilo pembeni kwa ajili ya vita. Mwaka huohuo alianza kufanya kazi na A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wafanyakazi Weusi wa mabehewa ya kulala, na pia na Fellowship of Reconciliation, shirika la Kikristo la kupinga vita lililoongozwa na Mchungaji A. J. Muste. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta gerezani: alikataa kuandikishwa jeshini na akafungwa kuanzia 1944 hadi 1946. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa wanaume 16, Weusi wanane na wazungu wanane, waliopanda mabasi ya majimbo ya juu ya Kusini wakikaa pamoja, ili kupima kama uamuzi wa Mahakama Kuu dhidi ya ubaguzi katika safari za kati ya majimbo unaheshimiwa. Haukuheshimiwa. Rustin alikamatwa Chapel Hill, North Carolina, na mwaka 1949 alitumikia siku 22 za kazi ngumu za barabarani kati ya wafungwa waliofungwa minyororo. Hukumu hiyo ilifutwa na mahakama mwaka 2022.

Ninayataja haya ili ieleweke kwamba mtu aliyekamatwa Pasadena hakuwa mpita njia katika harakati. Alikwenda India mwishoni mwa 1948 kujifunza kwa wafuasi wa Gandhi, na aliijua mbinu ya kupinga bila vurugu kwa mwili wake mwenyewe kabla King hajawa mchungaji.

Januari 1953 alikuwa Pasadena kutoa mhadhara. Usiku ule polisi walimkuta katika gari lililoegeshwa akiwa na vijana wawili wa kizungu. California ilikuwa na sheria ya uzururaji iliyokuwa pana kiasi cha kumnasa karibu yeyote, na ndiyo iliyotumika kuwaadhibu wanaume waliokutwa na wanaume wenzao. Rustin alihukumiwa siku 60 jela na kuandikishwa kama mkosaji wa ngono. Msamaha ulikuja Februari 2020, Gavana Gavin Newsom alipousaini kwa ombi la wabunge wa jimbo Shirley Weber na Scott Wiener. Rustin alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 30 kabla.

Alipotoka jela hakuwa na kazi tena. Muste, ambaye Rustin alimchukulia kama baba, alikuwa amemwonya mapema kuhusu mwenendo wake, na Fellowship of Reconciliation haikumbakiza. Shirika lililohubiri upendo kwa adui lilishindwa kumvumilia mtumishi wake wa miaka 12. Baadaye mwaka huohuo War Resisters League, kundi la kupinga vita lisilo la kidini, lilimwajiri licha ya Muste kupinga.

Miaka mitatu baadaye, Februari 1956, Rustin aliwasili Montgomery, Alabama. Mgomo wa Weusi kutopanda mabasi yenye ubaguzi ulikuwa mwezi wa tatu, nyumba ya King ilikuwa imelipuliwa kwa bomu mwishoni mwa Januari, na walinzi wenye bunduki waliizunguka. Ndani ya nyumba hiyohiyo bunduki ilikuwa imewekwa kwenye kiti cha sebuleni. Rustin alimweleza King, kijana wa miaka 27, kwamba kiongozi wa harakati zisizo na vurugu hawezi kulindwa na bunduki, maana siku mtu atakapopigwa risasi uwanjani kwake, maneno yote ya mimbari yatakuwa yamekufa. Mamlaka zilipotoa hati za kuwakamata makumi ya viongozi wa mgomo, ushauri wake ulikuwa wasingoje kufuatwa majumbani usiku. Wavae nguo zao za Jumapili, waende wenyewe mahakamani. E. D. Nixon, mzee wa harakati mjini pale, alitangulia akauliza kama wanamtafuta yeye. Watu waliofuata walicheka, walipeana mikono, walishangiliwa na umati. Kukamatwa, ambako kwa vizazi kulikuwa fedheha na hofu kwa Mtu Mweusi wa Alabama, siku ile kukageuka heshima.

Lakini Rustin hakuruhusiwa kukaa. Waandishi wa habari wa pale walianza kumchunguza, na wenzake wa New York wakaafikiana kwamba aondoke kabla faili la Pasadena halijaanikwa. Aliendelea kumsaidia King kwa simu, kwa barua na kwa rasimu za hotuba, na karatasi zilizoweka msingi wa shirika la King, SCLC, mwaka 1957 zilitoka mkononi mwake. Kazi ilipokelewa. Mwenye kazi alitakiwa asionekane.

Sehemu ya 1960 ndiyo inayoniuma zaidi. Randolph, King na Rustin walikuwa wamepanga maandamano nje ya mikutano mikuu ya vyama vyote viwili vya siasa, wa Democrat ukiwa Los Angeles. Adam Clayton Powell, mbunge Mweusi wa Harlem, hakuyataka. Alimtumia King ujumbe: yasipofutwa, atatangaza kwamba King na Rustin wana uhusiano wa kimapenzi. Ulikuwa uongo mtupu, na Powell alijua. Rustin, kwa kutotaka kumchafua rafiki yake, alitoa barua ya kujiuzulu akitumaini King ataikataa. King aliipokea.

Nimesoma utetezi mwingi wa King juu ya jambo hili. Alikuwa na miaka 31, shirika lake lilikuwa changa, makanisa ya Kibaptisti yasingemwelewa, na tuhuma ya aina ile ingeweza kumzika. Yote ni kweli. Hata hivyo, aliogopa, akamtoa mtu aliyekuwa amemfundisha kutoogopa. Mwandishi James Baldwin alisema wazi mwaka uliofuata kwamba King alipoteza heshima machoni pa vijana kwa kuruhusu hilo. Na tazama matokeo yake: Randolph hakukubali kuyafuta maandamano, nayo yakafanyika. Powell hakutoa tuhuma yake. King alilipa fidia kwa mtekaji ambaye huenda hata risasi hakuwa nayo.

Miaka iliyofuata Rustin alirudi kwenye harakati za amani na za Afrika. Alikwishashiriki, kutokea Ghana, katika jaribio la kuzuia bomu la nyuklia ambalo Ufaransa ililipua Sahara Februari 1960. Mapema 1962 alikuwa Dar es Salaam, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, pamoja na Bill Sutherland na Mchungaji Michael Scott wa Brigedi ya Amani ya Dunia, wakipanga na Kenneth Kaunda maandamano ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Safari hiyo haikuhitajika kwa sababu njia ya uchaguzi ilifunguka. Mzanzibari au Mtanganyika aliyepishana naye mitaani asingejua kwamba Mmarekani yule mrefu, mwenye nywele zilizosimama na Kiingereza cha kimaridadi, yuko huku kwa sehemu kwa sababu kwao hawakumtaka mbele ya kamera.

Sasa tufike 2 Julai 1963, Hoteli ya Roosevelt, New York. Viongozi sita wakubwa walikutana kupanga maandamano ya Washington: Randolph, King, Roy Wilkins wa NAACP, Whitney Young wa Urban League, James Farmer wa CORE na John Lewis wa SNCC, yote mashirika ya kupigania haki za Weusi. Randolph alimtaka Rustin awe mkurugenzi. Wilkins alikataa katakata.

Tumtendee haki Wilkins. Hakusema Rustin hafai. Alisema adui atalifungua faili lote, ukomunisti, jela ya vita na Pasadena, na kwamba mswada wa haki za kiraia uliokuwa mbele ya Bunge usihatarishwe kwa ajili ya mtu mmoja. Utabiri wake ulitimia neno kwa neno wiki sita baadaye. Ndiyo maana kisa hiki si cha wajinga dhidi ya werevu. Wilkins aliisoma hatari sawasawa. Alichokosea ni kudhani kwamba hatari ikishaonekana, njia pekee ni kuikimbia.

Randolph, mzee wa miaka 74 ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga usoni, alipata njia. Alikubali kuwa mkurugenzi yeye mwenyewe, kwa sharti kwamba atachagua naibu wake. Kila mtu chumbani alijua naibu ni nani. Wilkins aliridhia, akiweka wazi kwamba matata yakija asitegemewe yeye.

Rustin alipewa takriban wiki nane. Ofisi ilikuwa jengo chakavu Mtaa wa 130 Magharibi, Harlem, lenye vijana wa kujitolea, simu zisizonyamaza na mezani majivu ya sigara zake. Rachelle Horowitz, msichana wa miaka ya ishirini, alikabidhiwa usafiri wa taifa zima, ingawa alikuwa hajui kuendesha gari. Rustin aliamini kwamba maandamano huharibika kwa vitu vidogo, kwa hiyo aliwasumbua watu kwa vyoo: vingapi, viko wapi, vitafikaje. Mwongozo uliosambazwa nchi nzima ulieleza hata chakula cha kubeba. Sandwichi za siagi ya karanga na jemu, si za mayonezi, kwa sababu Agosti ya Washington ni joto na mayonezi huchacha, na umati wenye tumbo la kuendesha hausikilizi hotuba. Katika kanisa la Riverside watu wa kujitolea walifunga mafurushi 80,000 ya chakula. Polisi Weusi wa New York waliokuwa nje ya zamu walifundishwa naye kutuliza watu bila bunduki.

Alipigania sana vipaza sauti. Aling'ang'ania mitambo ya bei kubwa kupita bajeti, akisema watu wasiposikia hawatatulia. Siku moja kabla ya tukio mitambo hiyo ilihujumiwa, na wanajeshi wa mawasiliano wakaletwa kuitengeneza usiku. Bila usiku ule, sauti ya King iliyofika hadi ukingoni mwa bwawa lililo mbele ya sanamu ya Lincoln isingefika.

Katikati ya yote hayo ndipo Thurmond aliposimama. Mtu huyu aliyewahubiria wengine maadili alikuwa na binti, mtoto wa msichana Mweusi aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa wazazi wake, na hakumkiri hadharani mpaka kufa. Dunia ilimjua binti huyo mwaka 2003. Viongozi sita safari hii hawakumruka Rustin. Randolph alitoa tamko kwa niaba yao wote kwamba wanaamini tabia yake, uadilifu wake na uwezo wake wa kipekee. Magazeti yaliandika siku chache, kisha yakarudi kwenye maandamano.

Kwa nini hakuanguka? Sababu moja ni kwamba Thurmond alisema hadharani kile ambacho Powell alikinong'ona. Tishio la siri lina bei kwa sababu unaweza kununua ukimya wake. Likishasomwa Senetini, hakuna tena cha kununua, na kumfukuza Rustin baada ya hapo kungekuwa zawadi tupu kwa mbaguzi mkubwa wa Kusini. Sababu nyingine ni ya kikazi: mabasi zaidi ya 2,000 na treni zaidi ya 20 zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Lakini sababu hizo mbili pekee sidhani zingetosha. Muste, waungwana wa 1956 na King walipofikiwa na tishio walikuwa hawajaamua lolote, kwa hiyo hofu iliamua kwa niaba yao. Randolph alikuwa amekwisha kuamua Julai. Alilijua faili lote, akaweka jina lake juu ya jina la Rustin, na shambulio lilipokuja lilimkuta amekwishamkingia kifua. Kumgusa naibu ilikuwa kumgusa mzee.

Kuna wasomaji watakaosema: alikuwa mpigania haki hodari, basi tuzungumzie haki, mambo ya chumbani tuyaache. Natamani ingewezekana. Kama wenzake wangeyaacha, wala nisingekuwa na kisa cha kuandika. Waliomtoa Montgomery na Los Angeles walimtoa hasa kwa sababu hiyo, na ukiifuta sababu hiyo huwezi kueleza kwa nini mtu aliyeandaa mkutano wa watu 250,000 alibaki naibu.

Asubuhi ya 28 Agosti uwanja ulikuwa bado mtupu, na waandishi walimzonga wakiuliza watu wako wapi. Rustin alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akatazama saa yake, akawaambia kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Karatasi haikuwa na neno hata moja. Mchana alisimama mbele ya sanamu ya Lincoln akausomea umati madai ya maandamano moja baada ya jingine, yakiwemo sheria ya haki za kiraia na mshahara wa chini wa dola 2 kwa saa, na watu wakaitikia kwa kishindo. Sheria ilisainiwa 2 Julai 1964. Haina budi kusemwa pia kwamba kamati ile iliyojifunza kumlinda Rustin iliwanyima wanawake nafasi ya kutoa hotuba kuu, ingawa Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee ndani yake, alilalamika waziwazi.

Septemba ile Randolph na Rustin walitokea pamoja kwenye jalada la jarida la Life. Hakuwa amesahaulika bado. Kusahaulika kulikuja baadaye, na haitakuwa haki kusema kote kulitokana na jinsia ya aliowapenda. Kuanzia 1965 alisisitiza kwamba harakati zitoke barabarani ziingie kwenye siasa za miungano na vyama vya wafanyakazi. Alipingana na Black Power, vuguvugu la Weusi kujitegemea kwa nguvu zao wenyewe, na juu ya vita vya Vietnam, yeye aliyefungwa kwa kukataa vita, alizungumza kwa sauti ya chini mno ili asimuudhi Rais Johnson. Vijana waliomwona msaliti walikuwa na hoja. Hapo aliipoteza heshima kwa uchaguzi wake mwenyewe, na vizazi vilivyoandika historia ya harakati havikuwa na hamu ya kumrejesha.

Mwaka 1977 alikutana na Walter Naegle, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya 35. Sheria haikuwapa njia yoyote ya kutambuliwa kama wawili, kwa hiyo mwaka 1982 Rustin alimwasili Naegle, mtu mzima, kama mtoto wake. Mama mzazi wa Naegle alilazimika kusaini karatasi za kumwachia, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii akaja kukagua kama nyumba inafaa. Miaka hiyo ndipo Rustin alipoanza kuzungumza hadharani kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja, na mwaka 1986 aliutetea mswada wa kuwalinda jijini New York. Alifariki 24 Agosti 1987. Nishani ya Uhuru ya Rais, iliyotolewa na Obama Novemba 2013, ilipokelewa na Naegle.

Kabla ya nishani hiyo kulikuwa na mtihani mwingine, na ulifanyika West Chester kwenyewe. Mwaka 2002 bodi ya elimu ya eneo hilo iliamua shule mpya ya sekondari iitwe jina la Rustin. Baadhi ya wakazi walipinga, na walichokuja nacho kikaoni kilikuwa yaleyale matatu ya Thurmond: ukomunisti, kukataa jeshi, na wanaume. Wajumbe walisikiliza, wakachunguza, wakapiga kura, wakalibakiza jina. Shule ilifunguliwa 2006.